Sura ya Tisa: Binti wa Sufu

Kama kuna kazi ambayo haifai kupewa mwanamke anayependa, ni kumchagulia mpenzi wake nguo ya safari. Scovia alikuwa amepewa kazi hiyo tangu jana jioni, na tangu jana jioni hakuna kitu kilichopita kooni mwake isipokuwa chai.

Alikuwa amekaa kwenye kibanda chake, upande wa mitumba wa soko la Arua, amezungukwa na makoti. Jua la Arua halina utani. Saa nne ya asubuhi mabati yalikuwa yameshaanza kulia. Wageni wakipita walimcheka. Nani avae koti la manyoya ya kondoo kwenye joto hili? Lakini Scovia aliwajua wateja wake. Kulikuwa na walinzi wa usiku, na madereva wa malori wanaolala Vurra wakingoja forodha ifunguliwe, na akina mama wa Kongo wanaopeleka mzigo Bunia, kwenye vilima vya baridi. Siku hizi walikuwapo na wengine, na hao aliwaogopa. Walikuwa watu wa makambi ya wakimbizi waliopata nafasi ya kupelekwa nchi za theluji. Mtu wa aina hiyo hununua koti moja tu, na Arua haimwoni tena.

Sasa Marino naye alikuwa mmoja wao.

Chini ya meza, ndani ya gunia la unga, kulikuwa na koti ambalo Scovia alikuwa hajamwonyesha mtu. Alilikuta wiki iliyopita alipofungua belo la mitumba, na mkono wake ulilijua kabla ya macho. Lilikuwa lile ambalo wauzaji wenzake waliliita koti la kapteni: fupi, zito, rangi ya buluu iliyokaribia weusi, vifungo safu mbili kifuani, kola pana ya kusimamisha mpaka masikioni. Sufu yake ilisukwa ikashikana. Ukiliinua juani huoni mwanga. Ukilikunja kwenye ngumi ukaliachia, linajinyoosha lenyewe. Alilitazama mabega, akajua ni mabega ya nani. Akalirudisha gizani upesi, kama mtu aliyeona habari mbaya.

"Hujala tena," alisema Candia, jirani yake muuza viatu. "Utakufa, halafu makoti yako niyauze mimi. Mimi sijui makoti."

"Wewe uza viatu, Candia."

"Ni yule wa kambi ya Omugo, si ndiyo? Jana nimemuona. Amesimama hapa kama mutu anasubiri hukumu."

Candia alikuwa amesema kweli, ila hukumu yenyewe ilikuwa ya ajabu, kwa sababu aliyesimama kama mshtakiwa ndiye aliyempa mwenzake kazi ya kuhukumu.

Jana alikuwa anafunga kibanda Marino alipotokea. Hawakuwa wameonana tangu mvua za kwanza. Alikuwa vilevile, mrefu, mwembamba, shati jeupe lililofuliwa mpaka kola ikachoka, na yale macho. Scovia alijiambia asiyatazame. Akayatazama.

"Alhamisi," Marino alisema. "Basi inatuchukua Alhamisi. Mama, Poni mdogo wangu, na mimi."

"Nimesikia. Arua hii nani hajasikia?"

"Kesho nitaleta Mama hapa tutafute koti. Wanasema baridi ya kule inakata masikio."

"Leta. Soko si yangu."

"Scovia." Alisogea, akashika ukingo wa meza. "Nimeshindwa kuamua. Nikisema nabaki, Mama analia. Nikisema naenda, mimi nalia. Sasa wewe ndiye uamue. Kesho ukinichagulia koti, nitajua umesema niende. Ukisema hapa hakuna koti ya kunifaa, nitajua umesema nibaki. Na nitabaki. Naapa nitamwambia Mama palepale, mbele yako."

Scovia alimrushia sweta aliyokuwa anaikunja. Ilimpata usoni.

"Wewe ni mwanaume gani? Mzigo iko yako, unanibebesha mimi? Nikisema baki, mama yako atanilaani. Nikisema nenda, nitajilaani mwenyewe!"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Wewe unajua kuchagua."

"Najua kuchagua makoti!"

"Basi chagua koti," Marino alisema kwa sauti ya chini, akaiweka sweta mezani, ameikunja vizuri kuliko alivyoikunja yeye, akaondoka.

Usiku wote Scovia alimtukana kimoyomoyo, na kila tusi lilimalizikia kwenye kumtamani. Walikuwa wamependana kwa zaidi ya mwaka, na pande zote mbili zilikuwa zimesema hapana. Mama yake Marino alimkataa Scovia bila kumwona hata uso; alitosheka kusikia kwamba kuna msichana Arua anayemtaka mwanawe. Na baba yake Scovia, mzee Obitre wa Ludara, kule Koboko, alimkataa Marino baada ya kumwona. Marino alikwenda kujieleza akiwa na rafiki yake Swadiki tu, hana mjomba, hana baba mdogo, hana mzee yeyote. Obitre aliwapa chai na karanga, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kesho ukimpiga mtoto wangu, nitakwenda kulalamika kwa nani? Kwa turubai?" Scovia alikuwa jikoni siku ile. Aliona jinsi Marino alivyoinamisha kichwa.

Saa tano walifika.

Mama Marino alikuwa mwanamke mrefu kama mwanawe, amejifunga shuka begani kwa mtindo wa kwao Torit, Sudan Kusini, miguu imevimba ndani ya ndala. Alitembea polepole, mkono juu ya bega la Marino. Scovia aliinuka akampa kiti chake.

"Karibu, mama. Kaa."

"Asante, ya biniya," mama alisema, akakaa na kushusha pumzi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, nusu yake Kiarabu cha Juba, ambacho binti hukiita biniya. "Mtoto yangu anasema wewe iko najua koti kushinda watu yote. Tafuta moja. Ya nguvu. Kule baridi iko naua mutu."

Marino alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alimtazama Scovia tu, na Scovia akajisikia kama amevuliwa kitambaa cha kichwa mbele ya watu.

Alitoa koti la kwanza, la kijivu, linalong'aa. Mama alilipapasa, akalipenda. Scovia alichomoa uzi mmoja kwenye pindo, akawasha kiberiti. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha tone gumu jeusi.

"Nailoni, mama. Ukipigwa na upepo unajuta."

La pili lilikuwa na bitana iliyochanika kwapani. La tatu mabega yake yalikuwa mapana. Marino alilivaa, akaonekana kama mti wa kukaushia nguo. Scovia alinyoosha mkono kurekebisha kola, kidole chake kikagusa shingo ya Marino, na wote wawili wakasahau kwa muda walikuwa wanarekebisha nini.

"Halimfai," Scovia alisema, akaondoa mkono.

La nne lilikuwa fupi mikononi. La tano vifungo vyake vilikuwa vya kubandika, vitaisha barabarani. Kila alipotia dosari alikuwa anasema kweli, hakudanganya hata mara moja, na kila aliposema halifai aliona kitu kikiwaka machoni mwa Marino. Mama naye alizidi kufurahi. Alimgeukia Candia kule kwenye viatu.

"Huyu iko mutu ya kweli," alisema. "Wengine walitaka kunipa mbovu. Huyu anakataa hata ya kwake."

Scovia alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alichukua koti la sita, la kahawia, akatoa uzi, akauchoma. Moshi ulinuka nywele zilizoungua, na jivu likasagika kati ya vidole vyake. Hapo alijisahau. Furaha ya kazi ilimshika.

"Ona hii, mama! Sufu! Sufu kabisa!"

Mama Marino aliinama mbele. Akalitazama koti. Akalipindua, akachungulia mfukoni, akachungulia kwenye kola.

"Nimeona," alisema. "Nini?"

"Sufu, mama."

"Nasufu! Mimi nasufu! Nasufu nini?" Mama alikodoa macho mpaka karibu pua iguse kitambaa. "Iko wapi?"

Na Marino akacheka.

Alicheka kwa sauti, akajishika tumbo, akaegemea nguzo ya kibanda. Scovia naye ilimtoka, hata kabla hajakumbuka kwamba hana haki ya kucheka. Kwa Kiarabu cha Juba, sufu ni kutazama. Siku ya kwanza Marino kukanyaga soko hili, mgeni asiyejua neno la Kiswahili, Scovia alikuwa amepanda juu ya belo anaita wateja, "Sufu! Sufu! Sufu!" Na Marino, kijana aliyelelewa vizuri, aliambiwa tazama, akatazama. Alisimama anamtazama mpaka Scovia akamuuliza kama ana wazimu.

"Mama," Marino alisema akifuta machozi, "hapa sufu si kutazama. Sufu iko nywele ya kondoo."

Mama hakucheka. Aliliweka lile koti la kahawia magotini polepole. Akamtazama mwanawe, kisha akamtazama Scovia, na safari hii alimtazama kweli.

"Ni wewe," alisema. "Biniya ya sufu."

Candia aliacha kugonga viatu. Marino aliacha kucheka mara moja.

"Alikuja nyumbani siku ile," mama aliendelea, "akasema, Mama, leo msichana moja ameniambia nitazame, nimetazama. Tulicheka mpaka chakula ikaungua. Sikujua itakuwa shida." Akamgeukia Marino. "Nenda nunua soda."

"Mama, mimi sina—"

"Nimesema nenda nunua soda."

Marino alikwenda. Alitembea kama mtu anayeacha mtoto wake mlangoni kwa daktari.

Scovia alibaki amesimama, mikono haijui pa kwenda. "Mama, nisamehe. Sikutaka kukuficha. Yeye ndiye—"

"Kaa chini."

Akakaa juu ya belo.

"Mimi nilizaa wanne," mama alisema. "Wawili nimeacha ndani ya udongo ya Torit, na baba yao. Imebaki Marino na Poni. Ile siku alisema anataka kuoa wewe, mimi niliogopa. Nilisema huyu msichana atashika mguu yake, mimi nitaenda kwa baridi na Poni peke yangu, nitakufa huko, hakuna mutu anajua jina yangu. Kwa hiyo nilikataa uso sijaona. Si wewe nilikataa. Nilikataa kubaki peke yangu."

"Najua, mama."

"Hujui. Utajua ukizaa." Alikunja lile koti, akalikunjua. "Tangu nimekataa, anakula kama anakula majivu. Leo amecheka. Wewe umesikia? Mimi nilikuwa nimesahau sauti ya kucheka yake."

Machozi yalimtoka Scovia, na hakuyazuia. Akaona hakuna maana ya kuendelea kuficha, akamwambia mama yote: maneno ya jana, koti na kuamua, kwenda na kubaki.

Mama alisikiliza, kichwa upande. Kisha kitu kama tabasamu kikapita usoni mwake.

"Ndiyo maana kila koti iko mbaya."

"Zilikuwa mbaya kweli, mama."

"Najua. Lakini ulifurahi." Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini haikuwa na kinyongo. "Basi usichague. Sema hakuna koti. Mwache abaki na wewe. Mimi nitaenda na Poni."

Scovia alimkodolea macho. Neno alililoomba usiku na mchana kwa miezi yote hii lilikuwa limetoka kinywani mwa yule yule aliyelizuia. Alilisubiri limfurahishe. Moyo uliruka kweli, ukaruka juu sana, kisha macho yake yakaangukia miguu ya yule mama, iliyovimba ndani ya ndala.

"Kule nani atakushika mkono, mama?"

"Mungu."

"Na hospitalini, nani atakusemea?"

"Poni anasoma. Atakua."

"Poni ana miaka mingapi?"

Mama alitazama upande ambao Marino alikuwa amekwenda.

Hapo Scovia aliona maisha yake yote, kama mtu anavyoona nyumba ya jirani mlango ukiwa wazi. Aliona Marino mezani kwake, sahani mbele yake, anakula, anamsifu, anamchekesha. Na usiku mvua ikigonga mabati, aliona Marino ameamka, amekaa ukingoni mwa kitanda, anawaza mama yake amejifunika nini. Hatalalamika kamwe. Atakuwa mume mwema, na nusu yake itakuwa mahali pengine. Scovia alimtaka Marino mpaka mifupa ikamuuma, lakini alimtaka mzima.

Marino alirudi na soda, hata kuzifungua hajazifungua. Scovia alipiga magoti, akavuta gunia la unga chini ya meza.

Koti lilipotoka, Candia alisema "Yesu wangu" kwa sauti. Marino aliliona, akaziweka chupa za soda mezani.

"Scovia, usifanye hivyo."

"Geuka."

"Scovia, tafadhali."

"Geuka, nimesema. Nyoosha mkono."

Alinyoosha. Koti likampanda kama lilishonwa akiwa amesimama pale pale: mshono wa bega juu ya bega, mkono ukaishia kwenye kifundo. Scovia alimzunguka, akavuta pindo, akapapasa bitana mgongoni, akasimamisha kola. Mikono ilifanya kazi yake kama kawaida. Ni yeye tu aliyekuwa anakufa. Kisha akasimama mbele yake na kuanza kufunga vifungo, kimoja baada ya kingine, kuanzia chini.

"Hii ndiyo sufu," alisema. "Choma uzi kama huamini. Haina nondo, haina kiraka. Ikilowa, itandike kivulini, usiweke karibu na moto."

"Unanifukuza."

"Nakupenda, mjinga wewe!" Ilimtoka kwa nguvu, na soko likasikia, na hakujali. "Nakupenda, na hii koti nimeificha wiki nzima nisikuone ndani yake. Ukibaki, mwili yako itakuwa hapa, kichwa itakuwa kule. Mimi sitaki nusu ya mutu. Mfikishe mama yako. Mfundishe barabara ya kule, mfundishe duka, mkalishe. Halafu kama moyo yako bado iko Arua, njia ya kurudi unaijua."

"Na kama utakuwa umechukuliwa na mwingine?"

"Nani atanichukua? Nauza makoti kwenye jua."

Candia alicheka huku analia. Marino hakucheka. Alimshika Scovia mikono yote miwili juu ya kifungo cha mwisho, na kwa muda hapakuwa na mtu mwingine sokoni.

"Ludara iko mbali?" mama aliuliza ghafla.

Wakamgeukia.

"Gari mpaka Koboko, mama, halafu boda," Scovia alisema. "Kwa nini?"

"Marino aliniambia baba yako alisema hakuna mzee. Mimi ni nini? Mimi ni mtoto?" Aliinuka kwa kushika meza. "Kesho tunaenda."

Waliondoka pamoja, mama mkono begani kwa mwanawe. Saa saba ya mchana, jua limesimama utosini, Marino alivuka soko lote la Arua amevaa koti la kapteni, vifungo vyote vimefungwa. Vijana wa boda walimpigia mbinja. Muuza maji akamuuliza kama huko aendako kumeshaanguka theluji. Hakugeuka wala hakulivua, na Scovia alimsindikiza kwa macho mpaka likabaki doa jeusi kati ya miavuli.

Jioni ile ile Scovia alipanda gari la Koboko ili awahi kumwandaa baba yake. Obitre alisikiliza huku anachambua karanga uani, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba kesho ana kazi ya muhogo.

Lakini asubuhi hakwenda shambani. Aliketi uani, amevaa shati la kanisani, akajifanya anatengeneza mpini wa jembe. Boda ilipoingia, aliinua kichwa.

"Yule katikati amevaa nini? Blanketi?"

"Koti, baba."

"Anaumwa?"

"Hapana, baba."

Mama Marino alishushwa, akakaribishwa kiti. Obitre alijua Kiarabu cha Juba tangu alipokuwa anafanya biashara ng'ambo ya mpaka. Alimsalimia kwacho, na uso wa mama ukafunguka. Waliulizana habari za njia, za mvua, za watoto. Marino alikaa kwenye mkeka, mgongo wima, jasho linamtiririka kutoka kwenye nywele mpaka ndani ya kola. Scovia aliweka karanga na chai, akasimama mlangoni kwa jiko.

"Kijana alikuja hapa," Obitre alisema hatimaye. "Nilimjibu vibaya. Lakini mutu bila mzee, mimi sijui kumjibu vingine."

"Mzee ni mimi," mama alisema. "Hakuna mwingine. Wengine yote iko ndani ya udongo. Kesho nampeleka mbali, na sitaki kumpeleka kama mwizi. Nimekuja kusema mbele yako: natembea na mkwe yako. Nitamtunza. Nitamrudisha."

Obitre alitafuna karanga moja kwa muda mrefu kuliko karanga inavyohitaji. Scovia alikuwa ameshika fremu ya mlango. Hakuweza kumtazama baba yake, hivyo alimtazama Marino, na Marino alikuwa anamtazama yeye, amelowa uso mzima, midomo imekauka.

"Kijana," Obitre alisema. "Mbona huvui hicho kitu?"

"Baba, Scovia ndiye aliyenifunga hii koti. Vifungo amefunga yeye, kwa mkono yake. Nimeona vibaya kufungua mwenyewe."

"Amelala nayo!" mama alilipuka. "Usiku wote! Nimemwambia vua, amekataa. Nimemwambia utakufa kwa joto kabla ya kufa kwa baridi, amekataa!"

Obitre alimgeukia Marino, akamtazama kuanzia kola mpaka pindo. Scovia alitamani kukimbia akamfungue, lakini miguu haikuthubutu. Katika boma lile, binti hagusi vazi la mwanaume mbele ya baba yake, isipokuwa kama mwanaume huyo ni wake. Alijifunza hivyo kabla hajajua kusoma, na baba yake ndiye aliyemfundisha.

"Scovia," Obitre aliita.

"Naam, baba."

"Njoo umfungue huyu. Asinifie hapa uani."

Mama Marino alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Obitre aliinamia tena mpini wake wa jembe, akaanza kuukwangua mahali ambapo palikuwa laini tayari.

Scovia alivuka ua. Alipiga magoti kwenye mkeka, mbele ya Marino, akaweka vidole kwenye kifungo cha juu. Koti lilikuwa limelowa na lina moto, na chini yake moyo wa Marino ulikuwa unagonga. Alivifungua polepole, akitamani visiishe, maana kesho ilikuwa Alhamisi.